Managu Humea Penye Majivu

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kufungwa kwenye leso pamoja na kitambulisho na noti moja ya mia mbili. Shosho aliifungua juu ya meza taratibu, kama mtu aliyepokea barua kutoka kortini. Ilikuwa Aprili mwaka jana, mvua ilikuwa imeanza kushika, na tulikuwa tumetoka kliniki ya pressure na sukari.

"Nisomee," aliniambia. "Na usome polepole."

Nikasoma. Kula brokoli. Kula oti asubuhi. Tumia mafuta ya zeituni. Pendelea samaki wa baharini. Kula matunda ya msimu, hasa aina za beri. Karatasi yenyewe ilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi za pembeni zimemezwa na mashine. Shosho alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja tu.

"Brokoli ni nini?"

Nikamtolea picha kwa simu. Akaikuza kwa vidole viwili vile nilivyomfundisha, akaitazama kwa muda, kisha akatoa hukumu: "Hii ni kabeji imekataa kufunga."

Nilicheka sana. Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta, nikakuta kwamba mimi ndiye nilistahili kuchekwa. Brokoli, kabichi, koliflawa na sukuma wiki zote ni mmea mmoja. Wanasayansi wanauita Brassica oleracea. Kwa karne nyingi wakulima wa Ulaya walichagua mbegu kutoka kwa mmea huo mmoja: waliopenda majani wakapata sukuma, waliopenda kichwa kilichofunga wakapata kabichi, waliopenda maua yaliyofumba wakapata brokoli. Shosho, aliyeishia darasa la nne, alikuwa amesoma botania kwa kutazama picha.

Hapo ndipo haya yote yalipoanzia.

Lakini kwanza nijitambulishe, kwa sababu utauliza mimi ni nani wa kukuambia ule nini. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikwama, nikaahirisha muhula, nikaahirisha wa pili, halafu nikaacha kujidanganya. Nikarudi Elburgon na laptopu ya mitumba na kazi za kuandika za mtandaoni. Mwaka huo mteja wangu mkubwa alikuwa na tovuti ya mapishi huko Uingereza. Kazi yangu: makala mbili kwa wiki kuhusu "kupika kulingana na msimu". Nimeandika maneno elfu moja kuhusu asparagasi, mboga ambayo sijawahi kuiweka mdomoni. Nimewashauri watu wa London wafanye nini na plamu za Septemba, huku plamu zetu, ambazo huiva karibu na Krismasi, zikioza chini ya mti nyuma ya nyumba kwa kukosa mnunuzi. Nilijua misimu ya watu wengine yote. Ya kwetu nilikuwa naikula tu bila kuifikiria.

Na kwetu ni mahali pa mboga kweli kweli. Elburgon iko kati ya Njoro na Molo, ukingoni mwa msitu wa Mau, juu kiasi cha mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Julai ukitoka nje asubuhi unaona pumzi yako. Waru, kabeji, karoti, minji, vitunguu: kila jioni unaona malori yakipakia magunia kuelekea Nakuru na Nairobi. Swali lililonikaa kichwani baada ya ile karatasi lilikuwa rahisi. Kabla ya waru na kabeji, watu wa hapa walikula nini? Na ni nani aliyeamua kwamba hizi ndizo mboga, na zile zingine ni magugu?

Kabla ya treni

Wa kwanza kuulizwa wanapaswa kuwa Waogiek, kwa sababu walikuwa hapa kabla yetu sote. Panda kutoka Elburgon kwenda Mariashoni utawakuta mpaka leo. Chakula chao cha asili kilitoka msituni: asali, nyama ya kuwinda, matunda ya porini. Na kama kuna watu waliojua maana ya msimu, ni hao. Maua ya msitu wa Mau hayachanui kwa wakati mmoja. Ya chini yana mwezi wake na ya juu yana mwezi wake. Kwa hiyo waliweka mizinga katika tabaka tofauti za msitu na kuhama kufuata maua, wakipanda na kushuka mlima mwaka mzima. Kalenda yao ilikuwa mlima wenyewe.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria, mahali tunapoita Kisumu, mwishoni mwa 1901. Njia hiyo ilipanda kutoka Nakuru, ikapita Njoro, Elburgon na Molo, ndipo ikavuka kilele cha Mau. Injini za siku hizo zilikula kuni, na msitu ulikuwa pale pale kando ya reli. Baadaye vikaja viwanda vya mbao. Mji wetu ni mtoto wa treni na msumeno.

Treni ilileta pia walowezi. Lord Delamere alijaribu ngano Njoro, ugonjwa wa kutu ukamla hasara mpaka akamwajiri mtaalamu wa kumtafutia mbegu inayovumilia. Kazi ya kuzalisha mbegu za ngano inaendelea Njoro mpaka leo. Wakati huo huo Waogiek wakaanza kusukumwa. Tume ya Ardhi ya mwaka 1934 ilipendekeza waondolewe msituni na wapelekwe kwenye maeneo ya makabila makubwa, kana kwamba watu waliokula msitu kwa kalenda hawakuwa na makao. Ilichukua mpaka tarehe 26 Mei 2017 kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, huko Arusha, kusema kwamba Kenya ilikiuka haki zao ilipowafukuza Mau. Miaka 83. Mtu anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa katikati ya tarehe hizo mbili.

Shamba katikati ya miti

Waru ilifika Kenya na Wazungu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Kabeji na karoti pia zilikuja na wageni. Leo waru ni zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi, na mwenzangu wa mtaani akisikia kwamba si ya kwetu anakasirika kama umemtukania mama. Lakini mboga hizi hazikuingia kwenye sufuria zetu kwa sababu mtu alizionja akazipenda. Ziliingia kupitia kazi.

Baba ya shosho alitoka Kiambu kuja kutafuta ardhi ya kulima, akaishia kuwa kibarua mkaazi, wale walioitwa maskwota. Ulipewa kipande cha kulima na kuchungia mbuzi. Wewe ukatoa jasho lako kwa mwenye shamba siku nyingi za mwaka. Mshahara ulikuwa mdogo, pamoja na posho, yaani unga wa mahindi wa kupimwa. Hapo ndipo ugali wa mahindi ulipokuwa chakula cha kila siku. Ulikuwa rahisi kupima, kuhifadhi na kugawa kwa foleni.

Baadaye mzee huyo aliingia kazi ya msitu. Idara ya Misitu ilikuwa na utaratibu wake tangu mwaka 1910, unaoitwa mfumo wa shamba. Msitu wa asili unakatwa. Familia za wafanyakazi zinapewa kipande palipokatwa, zinachoma matawi na kulima. Katikati ya mazao serikali inapanda miche ya saipresi. Mnapalilia mazao na miti kwa pamoja. Baada ya miaka mitatu hivi miti inakuwa mikubwa, kivuli kinafunika, mnahamishiwa kipande kingine. Serikali ilipata msitu wa mbao kwa gharama ndogo, na familia ilipata chakula lakini haikupata ardhi.

Na fikiria ni mazao gani yanafaa kwa mtu ambaye hana uhakika wa kesho. Huwezi kupanda mti wa matunda, maana utahamishwa kabla haujazaa. Unapanda kitu cha miezi mitatu au minne: waru, kabeji, minji, maharagwe. Ndiyo maana nasema sahani yetu imeandikwa na sheria ya ardhi. Tunakula vitu vya haraka kwa sababu babu zetu walikuwa na muda mfupi.

Mfumo huo ulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980, ukarudi, ukapigwa marufuku tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukarudi kwa jina jingine na masharti mapya baada ya Sheria ya Misitu ya 2005. Wangari Maathai aliupinga akisema kilimo hakina nafasi ndani ya msitu. Septemba 2022, Rigathi Gachagua, akiwa naibu wa rais, alitangaza kwamba utarudi, na watetezi wa mazingira wakapaza sauti. Mimi natoka kwa familia iliyolishwa na mfumo huo, na bado nikitazama Mau naona kwamba Maathai alikuwa na hoja. Mambo yote mawili ni kweli, na sijui mtu wa Elburgon atayasemaje bila kujikwaa.

Kitu ambacho hakikupandwa

Niliporudi kwa shosho na hadithi hii ya waru na reli, alinisikiliza akichambua managu sinia likiwa mapajani. Halafu akasema nimesahau kitu.

"Mlipochoma ile miti, kitu cha kwanza kumea ilikuwa nini?"

"Waru."

"Waru unapanda. Mimi nakuuliza kitu cha kumea."

Sikujua.

"Managu," akasema. "Hata hujapanda, mvua ikinyesha mara mbili tu, managu iko. Inapenda majivu. Mama yangu alikuwa anatutuma pale palipochomwa, si pale palipolimwa."

Kila mtu aliye na shamba huku anajua jambo hilo, na hakuna aliyeniambia nililihitaji kwa historia. Mbegu za managu hukaa ardhini zikingoja. Ukifungua ardhi kwa moto au jembe, zinatoka. Ndiyo maana mmea huu una jina kila nyumba: managu kwa Wakikuyu, isochot kwa Wakalenjin, osuga kwa Waluo, rinagu kwa Wakisii, lisutsa kwa Waluhya. Ulimfuata binadamu kila alipowasha moto.

Lakini ukisoma vijitabu vya kilimo vya kupanda waru, managu iko upande wa magugu. Ing'olewe. Siku hizi inapigwa dawa kabla haijatoa jani la tatu. Sukuma wiki nayo, ambayo jina lake linakuambia kazi yake, imekuwa mboga ya taifa. Mbegu moja maarufu ya sukuma hapa Kenya inaitwa Thousand Headed. Huko Uingereza ilikotoka ilijulikana zaidi kama chakula cha mifugo. Silaumu sukuma, imenilea. Nasema tu kwamba kulikuwa na mboga iliyomea yenyewe mlangoni, tukaiita gugu, tukanunua mbegu ya kitu ambacho wenyewe walikuwa wakiwapa ng'ombe.

Nilikuwa tayari kuandika insha nzuri sana hapo. Turudie vyakula vya mababu, mwisho, asanteni. Shosho ndiye aliyeiharibu.

Njaa ama afya

Wiki hiyo nilikuwa nimeleta thabai, ule mmea unaowasha, kwa sababu nilikuwa nimesoma jinsi ulivyo na madini ya chuma. Niliuchuma kando ya ua, mfuko wa plastiki mkononi kama glavu, nikajivunia. Shosho alipoona kilicho ndani ya sufuria aliweka kijiko chini.

"Mimi sili hiyo."

"Shosho, ni nzuri kwa damu."

"Nilikula hiyo kitu miaka miwili. Nyinyi mnaita afya. Sisi tuliita njaa."

Sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza kuhusu miaka hiyo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maskwota Wakikuyu wa Bonde la Ufa walianza kukusanywa na kurudishwa Mkoa wa Kati kwa maelfu, hata wale waliozaliwa huku na hawakujua huko ni wapi. Shosho alikuwa mtoto mdogo. Anakumbuka lori, na kwamba kuku waliachwa. Kuanzia 1954 watu wa Kati waliwekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na walinzi, wakitoka kwenda shambani kwa saa chache tu. Mama yake alichuma alichokifikia katika saa hizo: terere, thabai, majani ya malenge. Bila mafuta, bila maziwa, mara nyingine bila chumvi. Mdogo wake wa mwisho hakumaliza mwaka.

Walirudi Elburgon baada ya mambo kutulia, na shosho anasema siku aliyojua kwamba wamerudi kweli ni siku mama yake alipopika kabeji na waru, zikakaangwa kwa kitunguu na mafuta ya kimbo mpaka harufu ikatoka nje. Kwake kabeji ni chakula cha amani.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeandika makala mia moja za watu wanaolipia kula majani ya porini, na mbele yangu alikuwa ameketi mtu ambaye aliyakimbia. Ukiwa Nairobi na unapiga picha ya sahani yako ya mboga za kienyeji, kumbuka kuna mtu ambaye kwake sahani hiyo si urembo. Kula kwa msimu ni jambo zuri ukiwa umechagua. Usipochagua, ni kukosa tu.

Lakini sukari yake bado ilikuwa juu, na waru yake ya kila mlo haikuwa ikisaidia. Tukawa tunagombana, kwa adabu, kuanzia Aprili mpaka Juni.

Paliposimama jiko

Kuna managu moja ambayo nimeiona kwa macho yangu, na nimekuwa nikizunguka kuisema.

Januari 2008 nilikuwa na miaka tisa. Sitaeleza usiku huo. Waliokuwa Elburgon, Molo na Kuresoi wanajua, na si mara ya kwanza. Shosho alikuwa ameona 1992 pia. Tulilala kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru pamoja na maelfu ya wengine, chini ya hema, tukila maharagwe na unga wa msaada. Tuliporudi mvua za masika zilikuwa zimenyesha. Nyumba ilikuwa mabati yaliyojikunja na mraba mweusi. Na pale paliposimama jiko, managu ilikuwa imemea nene, kijani kibichi, kama imepandwa kwa mstari.

Nilimuuliza shosho kama inaweza kuliwa. Hakunijibu. Aliinama, akachuma leso nzima, akawasha moto kwa mawe matatu, tukala.

Jirani yetu wa upande wa chini, mama wa Kikalenjin ambaye sisi watoto tunamwita kogo, hakuja kutusalimia kwa miezi. Wala sisi hatukwenda. Sijui nani alimwogopa nani. Kuelekea mwisho wa mwaka alikuja mpaka kwenye lango na kifuko cha karatasi ya gazeti, akakiweka juu ya nguzo, akasema, "Mama, nimekuletea za sageti, zenu najua ziliisha." Shosho akasema asante. Hawakuongea kingine siku hiyo. Mwaka uliofuata shosho akampelekea za malenge. Tangu hapo kila msimu kuna kifuko kinachovuka ua.

Miaka baadaye niligundua kwamba vifuko hivyo vingeweza kuwaletea shida. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilipiga marufuku kuuza na kubadilishana mbegu ambazo hazijathibitishwa na kusajiliwa. Adhabu ilikuwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote. Wakulima wadogo, wengi wao wakiwa wa mtandao wa kuhifadhi mbegu ulioko Gilgil, hapa hapa kwenye kaunti yetu, walikwenda kortini mwaka 2022. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumfanya mkulima mhalifu kwa kuhifadhi na kugawa mbegu zake kunakiuka Katiba.

Nilimsomea shosho habari hiyo. Aliuliza, "Kwani ilikuwa makosa?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akamwita kogo kwa sauti kupitia ua: "Mama! Kumbe mimi na wewe tulikuwa wezi!"

Wanaorudisha

Nisiseme kana kwamba sisi watu wa mtandaoni ndio tumeamka leo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia maisha yake ya utafiti kwa mboga hizi. Amesimulia kwamba utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, akalelewa kwa mboga za kienyeji, na akakua akishangaa kwa nini kitu kilichomweka hai kinaitwa gugu. Patrick Maundu na wenzake wa Makavazi ya Kitaifa walitumia miaka kuandikisha mimea inayoliwa Kenya. Kazi iliyoanza mwaka 2007 pamoja na jamii na watoto wa shule ilitambua mimea ya asili kama 850 kwa majina yake ya kienyeji. Desemba 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo kwenye orodha ya mifano bora ya kulinda urithi.

Na karibu na nyumbani zaidi: malenge ya Lare, kule Njoro, na thabai iliyokaushwa ya msitu wa Mau ziko kwenye miradi ya shirika la Slow Food, inayolinda vyakula vilivyo karibu kupotea. Ndiyo, thabai. Ile ile iliyomfanya shosho aweke kijiko chini.

Tulivyokubaliana

Suluhu haikutoka kwangu. Ilitoka kwa nesi mmoja kijana kwenye kliniki, mwezi wa sita, aliyegeuza ile fotokopi na kuchora sahani nyuma yake kwa kalamu. Akaigawa: nusu mboga, robo waru au ugali, robo maharagwe, nyama au yai. "Mboga yoyote, shosho. Ile iko kwa shamba." Shosho akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Tangu hapo tunapika hivi.

Mvua za Machi mpaka Mei ni za majani. Managu huoshwa kabla ya kukatwa, si baada, kisha huchemshwa kwa maji kidogo yasiyomwagwa. Ikiwa chungu sana tunaichanganya na terere. Halafu kitunguu, nyanya moja, na kikombe cha maziwa, iive polepole. Kogo anasisitiza ilale usiku mmoja na ipashwe kesho, na kwa hilo kogo yuko sahihi. Sageti yake tunaipika vivyo hivyo, ila maziwa mengi zaidi.

Juni mpaka Agosti baridi inauma na minji ziko. Tunatengeneza supu: minji mabakuli mawili, waru moja tu badala ya nne, karoti, kitunguu saumu, dania mwishoni. Tunaponda kwa mwiko, si kwa mashine. Hiyo ndiyo hunywewa jioni tukiota moto.

Septemba mpaka Novemba kabeji zinajaa mpaka bei inamliza mkulima. Kabeji ya shosho haikuguswa. Hiyo ni ya amani. Tulipunguza mafuta tu, kutoka vijiko vinne hadi kimoja, inakatwa nyembamba na kufunikwa dakika tano, na chumvi inawekwa mezani ili kila mtu ajihukumu. Malenge nayo hukaa miezi bila kuharibika, kwa hiyo tunachemsha kipande kidogo asubuhi badala ya mkate.

Desemba mpaka Februari ni matunda. Plamu zilizolainika tunazichemsha na tangawizi bila sukari. Peasi hufuata. Mwaka huu hakuna plamu iliyooza chini ya mti, isipokuwa zile ambazo ndege walikuwa wameshaanza.

Na thabai? Ilikaa nje ya nyumba mpaka Agosti. Siku moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta mukimo ya kijani mezani. Waru kidogo, mahindi, minji, na majani yaliyopondwa mpaka hayatambuliki. Niliuliza ni kahurura au majani ya malenge.

"Kula kwanza," akasema.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa thabai. Alikuwa amekaanga kitunguu mpaka kikawa kahawia, jinsi mama yake alivyofanya kwenye ile kabeji ya kurudi nyumbani. Hakuniambia kwa nini alibadilisha nia, nami sikumuuliza. Alikula nusu sahani akasema imetosha.

Kliniki ya mwisho ilikuwa wiki jana. Sukari bado iko juu kuliko inavyotakiwa, lakini si kama ya Aprili. Dawa anameza, pressure imeshuka kidogo, na nesi aliandika nambari mpya kwenye kadi. Yule mteja wa Uingereza ameniomba makala nyingine, safari hii kuhusu brokoli. Nitaiandika, maana kodi ya intaneti hailipwi kwa managu. Lakini kesho asubuhi kwanza nina kazi. Mvua imeanza kunusa, na kuna kifuko cha gazeti juu ya nguzo ya lango tangu jana jioni.